Fundi Aliyerudi na Mpishi

Fundi wa nguo pale Karungu hakutumia futi. Alikutazama mabega, akafumba jicho moja, akakata kitambaa, na shati likakukaa. Alirudi kutoka Nairobi mwaka 1994 na cherehani pamoja na mwanamume mrefu, mpishi wa hoteli, na wawili hao wakaishi nyumba moja nyuma ya jiko la mama yake. Chai hakuinywa mpaka mpishi aonje sukari.

Jumamosi moja, nikiwa pale kungojea sare ya kwaya, mjomba wake Elkanah alikuja na wazee wawili.

"Huyu mgeni wako anarudi kwao lini, ili uoe?"

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mjomba, huyu ndiye niliyemchagua. Mkimfukuza, mtakuwa mmefukuza wawili."

Wazee walimgeukia mama yake, wasikie atasema nini. Mama alimtazama mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Mwanangu, ongeza unga kwenye ugali," alimwambia. "Leo tuna wageni watatu."