Kwa Nini Nilipewa Zamu ya Mwisho

Niliondoka Uriri siku ya Ijumaa kwa sababu moja tu: nilitaka kukimbia tena. Kifua kikuu kilikuwa kimenilaza miezi mingi. Nilimeza dawa zote hadi ya mwisho, daktari akapima makohozi na kuniambia, "Mwalimu, umepona. Nenda ukakimbie." Kanisa letu lilipotafuta watu wanne wa mbio za kupokezana kijiti huko Homa Bay, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Nahodha wetu, Ouma, mwalimu mwenzangu, alinipa zamu ya mwisho. Zamu hiyo hupewa mwenye mbio kuliko wote, nami nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Tulipopita Awendo, mvua ilikuwa ikinyesha juu ya miwa, lakini madirisha yote ya gari la kanisa yalikuwa wazi. Nilipolalamika kwamba tunalowa, kila mtu akawa kiziwi.

Rongo tulinunua njugu. Achieng, msichana wa kwaya aliyepangiwa kukimbia wa pili, alipitisha mfuko kwa wenzake ukaniruka. Nikajiambia amesahau. Ni ujinga gani huo, mtu mzima kujidanganya kwa sababu ya njugu!

Homa Bay tulifika jioni, nikalala kwa shangazi yangu, Waya Pamela. Aliweka samaki na kuon, ugali wetu, katika sahani moja, akanivuta karibu. "Kula, nyathina, mwanangu. Kesho usipokimbia vizuri, usirudi hapa." Tulicheka, nikala hadi nikashindwa kuinuka.

Asubuhi ya mashindano, Ouma alikuja akichechemea. Goti lilikuwa limevimba, na zamu yake, ya tatu, ndiyo yenye kilima. Yangu ilikuwa tambarare, kando ya ziwa.

"Tubadilishane," nikamwambia. "Mimi nipande kilima, wewe umalizie."

"Hapana, mwalimu. Wacha tu."

"Ouma, utaumia bure."

"Nimesema hapana!" Akatazama kando. "Sasa mimi nipokee kijiti kutoka kwako? Niko na watoto nyumbani."

Ndipo nikaelewa. Wa mwisho hampi mtu kijiti. Hawakunipa zamu ile kwa ajili ya miguu yangu. Walitafuta mahali ambapo jasho langu halingemfikia yeyote. Hasira ilinipanda hadi masikio yakavuma. Mtu anafundisha watoto shuleni kama mimi, amesikia kwamba kifua kikuu hakiambukizwi kwa kushika kijiti, na kwamba aliyepona amepona, kisha anapanga timu ya kanisa kwa woga wa namna hii!

Ouma alishuka kilima akiwa wa tano, akanitupia kijiti kabla sijakishika vizuri. Nilikimbia kwa uchungu. Mwanzoni kifua kilichoma, nikaogopa, kisha pumzi ikafunguka yenyewe. Nilimpita mtu wa Mbita, nikampita wa Lambwe, huku nikijisemea kwa sauti kama mwendawazimu. Tukamaliza wa tatu.

Kwenye picha Ouma akaniambia nisimame pembeni kidogo. Nilimwendea mbele ya watu wote, nikamnyooshea kijiti. "Shika." Akakishika kwa vidole viwili.

Tuliporudi, madirisha yalikuwa wazi tena njia nzima, na sikujali. Nilikuwa nimejifunza kwamba hospitali inaweza kukuponya, lakini majirani wakaendelea kukufanya mgonjwa bila ruhusa yako, na ukinyamaza utaugua nao.

Jumapili Ouma alisimama kanisani kusifu timu na kuomba majina ya mashindano yajayo. Nikainuka.

"Mimi nataka zamu ya kwanza."

Kisha Achieng akasimama kwenye kwaya, uso ukiwa umemwiva kwa aibu.

"Mimi nitakuwa wa pili."

Nilimwambia mbele ya wote kwamba sitaki kuhurumiwa na mtu.

"Wewe kimbia tu, mwalimu," akasema. "Mkono wangu utaukuta pale."