Birika Ambalo Ng'ombe Walilikataa

Siku ile birikani tulikuwepo hawa: mimi; shemeji yangu, yaani mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi wote; mwenyekiti wa kamati ya bonde, ambaye ni mkwe mwenzangu, maana kijana wake ndiye aliyemwoa binti yangu mkubwa; injinia wa maji kutoka mjini, mtu wa Bukoba; na dereva wake, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyehamia Kikuyu, ile ya Dodoma mjini, siku nyingi. Wengine walikuwepo pia, na majina yao ninayo yote, ila siyaandiki. Wana watoto wasiopenda kutajwatajwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni imerudi madukani, mitumba imefika hadi kwetu njia ya Haneti, na mji wa Dodoma unajengwa kila upande. Mji ule ulikunywa maji ya bonde letu. Visima vyake virefu vilikuwa kule chini kwenye majani, na sisi kiangazi tulichunga hapo hapo, tukachimba vishimo vya kunyweshea. Watu wa mji wakaja wakasema ardhi imekanyagwa hadi imekuwa sakafu. Mvua ikinyesha haizami, inakimbia. Hilo hata sisi tulikuwa tunaliona. Kila mwaka tulichimba chini zaidi.

Basi ikawa mikutano. Wao wanataka bonde lifungwe, sisi tunauliza ng'ombe wanywe wapi. Mwishowe tukaelewana: bonde lipumzike, kamati yetu ililinde, na mji ulete bomba kutoka visimani hadi huku juu, penye birika la ng'ombe, na pembeni bomba la kuchotea kina mama. Mimi nilisimama nikasema nakubali. Shemeji alinijibu mbele ya watu wote.

"Umetuuza, shemeji. Wakifunga bomba lao, utawanywesha machozi?"

Nilikuwa na ng'ombe wachache tu alioniachia mume wangu, na watoto walikula na kusoma kwa maziwa yao. Mpango ule ukivunjika, bonde lingekauka, na mimi nisingesikilizwa tena kwenye ukoo ule.

Birika likajengwa, la saruji, jeupe, zuri. Maji yakafunguliwa. Ng'ombe wakaja na kiu yao, wakanusa, wakapuliza pua, wakarudi nyuma. Wote. Hata ndama.

Shemeji akacheka hadi akashika kiuno. "Haya, waambie wanywe. Si wewe uliyewasemea?"

"Wape muda, shemeji."

"Muda gani? Jua likigeuka nawashusha bondeni. Mwenye fimbo aje anizuie."

Mkwe mwenzangu alijua kundi moja likishuka, yote yatafuata, na kamati haitakuwa na la kusema tena.

Injinia akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Saruji bado mbichi. Tumwage, tusugue, tujaze upya."

Nikamwambia, "Sawa, baba, lakini hata tukisugua, hapanuki kama kwao. Wamezoea udongo wa vishimo."

Dereva akadakia, "Dada, unataka injinia mzima apake birika matope?"

"Ndiyo. Na wewe utayabeba."

Injinia akavua viatu, akakunja suruali. "Mama, hayo matope yako wapi?"

Gari likashuka bondeni, likarudi na matope. Wanaume wa mjini wakasugua, sisi tukachanganya udongo na samadi, tukapaka kingo za birika na chini pote wanaposimama ng'ombe. Shemeji alikuwa ametupa mgongo, lakini kila mara anageuza shingo. Mara akashindwa kujizuia.

"Pale pembeni hamjapaka! Ng'ombe anaanza kunusa pembeni, nyie watu!"

"Njoo upake wewe," mkwe mwenzangu akamwambia.

Akaja. Akapaka, huku anatutukana. Maji yalipojaa, ng'ombe wakasogea, wakasimama tena. Hapo shemeji akapiga mluzi, ule wa kunyweshea, mrefu, wa polepole, tuliozoea kuusikia kule kwenye vishimo. Hakuna aliyekuwa ameupiga tangu asubuhi, nasi hatukuukumbuka. Vichwa vikainama. Tulisikia wanavyofyonza maji, injinia amesimama na matope hadi magotini.

Mvua zilizofuata majani yalirudi bondeni, na watu wa mji na kamati wameendelea kukaa pamoja, wakigombana wanaelewana. Shemeji naye akaingia kwenye kamati, akawa mkali kuliko wote.

Jambo moja tu tulibishana hadi alipofariki. Mimi nasema wa kwanza kunywa alikuwa mtamba wangu mwekundu. Yeye alisema ni dume lake la madoa. Wewe uliyekuwepo, ukiona nimekosea hapo, au popote, njoo nyumbani uniambie. Nitafurahi kurekebishwa, ila kuhusu mtamba uje na shahidi.