Msichana Hakupanda Jukwaani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka natamani ardhi inifiche. Nilikuwa kijana, nachomelea mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria, na mdomo wangu ulikuwa umetangulia akili.

Kanisa letu hapa Nakuru lilinifanya katibu wa harambee. Pale mtaa wa Section 58 palikuwa na Mama Chebet, muuguzi mstaafu, aliyekodi nyumba akaishi na wasichana saba waliodhulumiwa kingono na watu wazima waliopaswa kuwalinda. Mwenye nyumba alitaka kuiuza. Tusipoinunua, wasichana wangerudi kule kule walikotoroka.

Mgeni wa heshima alikuwa kontrakta tajiri, niliyemleta mimi mwenyewe kwa mbwembwe zote. Siku ya harambee, katikati ya shughuli, akaninong'oneza, "Boss, hao wasichana wako wapi? Watu hawatoi pesa kwa kitu hawajaona. Leta mmoja aongee."

Nikatoka mbio hadi kwa Mama Chebet. Msichana mmoja, ambaye jina lake sitalitaja, alikuwa anaosha vyombo. Nilipomweleza akakausha mikono, akaniuliza, "Nikiongea, tutabaki hapa?"

Nikamwambia ndiyo. Naona haya kukuambia kwamba nilifurahi.

Mama Chebet akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Unampeleka wapi?"

Nikamrushia methali, maana nilijiona msemaji. Nikamwambia mficha uchi hazai.

"Kijana, hiyo methali ni ya mwenye uchi," akanijibu. "Si ya jirani kumvua nguo mbele ya watu. Huyu mtoto ameumia ya kutosha. Hawezi lipia kitanda na machozi."

Akajifunga leso, akawaacha wasichana na dada yake aliyekuwa akimsaidia, akaenda kanisani kupanda jukwaani yeye.

"Mimi ndio mtaona leo," akawaambia watu. "Na sitaki ya leo peke yake. Mtoto ameumizwa miaka, hawezi pona kwa mwezi moja. Nataka watu watakuwa na sisi mpaka yule mdogo wao wote amalize shule."

Mgeni wangu akatazama saa, akaondoka na bahasha yake mfukoni. Nikajua nyumba imekwenda, na lawama zote nikambebesha yule mama kwa ukaidi wake. Ujana, mwanangu, ni moshi machoni.

Kisha akainuka mzee mmoja wa Keringet, mkulima wa viazi ambaye hata hakuwa wa kanisa letu. "Mama, pesa sina mingi. Lakini kila nikivuna, kuna gunia yako. Nikikufa, kijana yangu ataleta."

Akafuata mwalimu, akafuata muuza mitumba, kila mmoja akiahidi cha kila mwezi. Mwenye nyumba alikuwa ameketi nyuma, akaona aibu, akakubali kulipwa polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Ilichukua miaka tisa kumaliza deni la nyumba, na yule mzee hakukosa msimu hata mmoja. Nawavulia kofia mpaka leo, yeye na Mama Chebet, maana sijaona mashujaa wengine wa kuwazidi hao.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, ana kazi yake. Ameniruhusu nikuambie jambo moja tu: miaka miwili yote ya kwanza alilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Alivivua mwaka wa tatu. Hebu fikiria kama tungechoka mwaka wa pili. Mengine sikumuuliza, na wewe usiniulize.

Basi sikia, mwanangu. Aliyeumizwa hadaiwi hadithi yake ndipo apewe pa kulala. Ukisaidia, toa kidogo unachoweza kurudia mwakani na mwaka mwingine, kuliko kutoa kikubwa ukapigiwa makofi ukaenda zako. Na ukijua kuna nyumba kama ile mtaani kwenu, usiulize nani analala ndani. Uliza kama unga upo.

Mungu akupe mkono usiochoka kutoa, na mdomo unaojua kunyamaza.