Wiki ya Maturubai

Evaresta wa Rugu aliishia darasa la saba, na hilo hulisema mwenyewe kabla hujamuuliza, ili akikushinda kwa hoja usije ukasingizia elimu. Ana miaka sitini na minne. Mumewe Anastazi alishatangulia, mwanawe Mwesiga ni fundi magari Mwanza, naye kabaki na kibanja chake cha migomba na mibuni ambacho hakijawahi kuota gugu likafika magotini. Isitoshe, ana sikio. Huchota konzi ya kahawa iliyoanikwa, akaitikisa karibu na shavu, akasema, "Bado siku mbili," na siku mbili huwa ni mbili kweli. Wanunuzi wa Nkwenda wana mashine ya kupimia unyevu. Mara nyingi mashine na Evaresta huelewana, na wasipoelewana, yeye huwashauri wakaibadilishe betri.

Jirani yake wa upande wa bondeni anaitwa Mukantabana. Huyu alikimbia mauaji kwao, akavuka mto Kagera mwaka 1994, akiwa na miaka kumi na tisa na khanga moja, akaolewa hapa na Sebahire, naye Sebahire akafa mapema. Kwa miaka zaidi ya ishirini Mukantabana aliishi kwa vibarua: kupalilia migomba ya watu, kuchuma kahawa ya watu, kuanika kahawa ya watu. Hatimaye akajipatia kishamba chake mwenyewe. Miche ya mibuni alipewa na Evaresta, wakaipanda pamoja, na mwaka huu wa 2025 ndipo ilipozaa kwa mara ya kwanza vya kutosha kuitwa mavuno. Aliianika kahawa yake uani juu ya jamvi jipya, akawa anaizunguka kama mtu aliyejifungua baada ya kukata tamaa.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa sita, watu wakitoka kanisani, wakamkuta Rwegoshora amesimama langoni na simu mkononi. Rwegoshora ndiye mwenyekiti wa kikundi chao cha wakulima wa kahawa, mtu mwema tu, ila akipata habari hawezi kukaa nayo, ni lazima aigawe ikiwa bado ya moto. Alisema Marekani imepeleka ndege kubwa usiku, imepiga vinu vya nyuklia vya Irani, sehemu tatu kwa mpigo. Hilo lilikuwa kweli. Hata redio ilikuwa imelisema. Lakini kwenye WhatsApp alikuwa amepokea sauti ya mtu asiyemjua, na sauti hiyo ilisema vumbi la sumu limeshaingia kwenye upepo, Afrika Mashariki yote ifunike maji na chakula, na chochote kilichoanikwa nje kisiguswe na hewa kwa siku saba.

"Na kahawa?" mtu akauliza.

"Kahawa si imeanikwa nje?" Rwegoshora akajibu. "Ifunikwe. Wanunuzi wakisikia ya kwetu ilikuwa wazi wiki hii, nani ataitaka?"

Kufika Jumatatu asubuhi Rugu nzima ilikuwa ya bluu. Aliyekuwa na turubai alilitandaza, asiyekuwa nalo alikata magunia akayaunga. Watu waliweka mawe pembeni ili hewa isipenye. Hawakuwa wajinga, na anayewacheka na awacheke taratibu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema, na siku saba si nyingi.

Siku saba ni nyingi sana kwa kahawa. Kahawa mbichi ikifunikwa hupata joto, ikipata joto hutoa jasho, ikitoa jasho huota ukungu. Mtoto wa Rugu anayejua kufagia anajua hivyo. Lakini hofu ikiingia mlangoni, maarifa hutoka dirishani.

Evaresta hakufunika. Alichukua reki yake ya mti, akaigeuza kahawa yake juani kama kawaida, huku majirani wakimtazama juu ya ua. Rwegoshora alikuja mwenyewe kumwonya.

"Mama Mwesiga, hii habari si ya mchezo. Vita vinaweza kusambaa. Leo Irani, kesho nchi zote za kule, keshokutwa hatujui."

"Vinaweza," Evaresta alisema. "Na mafuta ya gari yatapanda, na nauli itapanda, hilo nalijua bila kuambiwa na simu. Ila nikuulize. Hilo vumbi limepita nchi ngapi mpaka kuifikia Rugu?"

Rwegoshora hakuwa amezihesabu.

"Mwaka wa vita vya Amin nilikuwa na miaka kumi na saba," Evaresta akaendelea. "Baba alituamuru tukate majani ya migomba tufunike bati la nyumba, lisimetemete ndege zikaliona. Tulifunika, wala sikubisha, kwa sababu ndege tulizisikia kwa masikio yetu. Hawa wa Irani nawahurumia, mwenyekiti. Wapo chini ya mabomu wao na watoto wao. Sisi hatupo, na kujifanya tupo si kuwahurumia."

"Basi kahawa yako isije ikachanganywa na ya kikundi," Rwegoshora alisema kwa uchungu. "Utaiuza peke yako."

Evaresta alimjibu kwamba ataiuza. Ukweli ni kwamba hakuwa na hofu hata chembe juu ya kahawa yake. Kilichomkosesha raha ni kile kilichokuwa bondeni. Akiwa na reki mkononi aliliona jamvi la Mukantabana limefunikwa kwa maturubai mawili, moja juu ya jingine, na mawe kuzunguka pande zote. Kahawa ile ilikuwa imechumwa Ijumaa. Ilikuwa bado na maji yake yote ndani.

Jumatatu hiyo hiyo jioni alishuka kumsihi. Mukantabana alimwamkia kwa adabu, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimeambiwa nifunike, nimefunika." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Miaka thelathini na moja yupo Rugu, na bado akiambiwa jambo na mwenyekiti huinamisha kichwa. Evaresta alirudi kwake amekasirika. Alimkasirikia Rwegoshora, akaikasirikia ile sauti isiyo na mwenyewe, na akajikasirikia mwenyewe kwa kushindwa kumshawishi.

Jumanne redio ilitangaza kwamba wanaopigana wamekubali kusitisha mapigano, na wakubwa wa atomiki wa dunia walikuwa wameshasema hawajaona mionzi iliyoongezeka nje ya maeneo yale. Rwegoshora alisema wakubwa husema hivyo siku zote. Maturubai yakabaki.

Jumatano, jua likiwa limeshapanda, Evaresta aliinua macho akamwona Mukantabana anapandisha njia ya kwake. Alikuwa amebeba turubai kichwani, limekunjwa vizuri.

"Shikamoo, Mama Mwesiga."

"Marahaba, mdogo wangu. Hilo la nani?"

"Langu moja. Nimeliondoa juu ya kahawa yangu, nimeacha lile la chini. Nimeona wewe huna." Alilitua chini, akaanza kulikunjua pembeni mwa kahawa ya Evaresta. "Siwezi kulala nikikuona wewe peke yako upo wazi."

Evaresta aliiweka reki chini. Alimshika mkono akamvuta kivulini, akamkalisha kwenye mkeka.

"Nisikilize," Mukantabana alisema. "Kule kwetu jirani alikuja kutuambia tuondoke siku hiyo hiyo. Mama akasema tungoje kesho, maharage yapo juani, hayajakauka. Mimi nilienda kuchota maji ndiyo sababu nipo hai. Mama alikuwa anabisha kwa sauti kama yako, Mama Mwesiga. Sauti nzuri, isiyoogopa."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Evaresta alikuwa siku tatu anamlaumu mtu kwa kushtuka. Aliona aibu, na hakuificha.

"Sina jibu la hilo," alisema. "Nisamehe."

Akaenda upande wa jiko. Mgeni akifika nyumba ya Kinyambo, kabila la Evaresta, hapewi maneno matupu, hupewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna: matunda yaliyochemshwa na majani ya harufu nzuri, yakakaushwa. Mwenyeji hutafuna kwanza yeye, mgeni aone, kisha humpa. Na kuikataa ni kumwambia mwenyeji kwamba anataka kukuua. Evaresta alirudi na kijungo kidogo cha kuanikia, chenye akamwani. Mukantabana alikijua; tangu Jumatatu alikuwa amekiona juu ya bati la jiko, wazi, kikipigwa na upepo ule ule uliokatazwa.

Evaresta alipiga goti, akachukua tunda moja, akalitafuna polepole, akameza. Kisha akanyoosha kiganja chenye matunda mawili.

"Sikulazimishi," alisema. "Mama yako aliliona la karibu akaliita mbali, na yeyote angeweza kukosea hivyo. Mimi nimepima nimeona ni mbali. Nikikosea, nimekosea tumboni mwangu kwanza."

Kuku walipita wakaparua pembeni ya mkeka, hakuna aliyewafukuza. Mwishowe Mukantabana alichukua tunda moja. Alilitafuna huku machozi yanamtoka, bila kuyafuta, na alipomaliza akachukua la pili.

"Haijakauka vizuri," alisema.

"Siku mbili tu, ulitaka niipige pasi?"

Walishuka bondeni kwa haraka. Mukantabana mwenyewe ndiye aliyeondoa mawe. Walipoinua turubai mvuke uliwapiga usoni, na harufu ya kitu kinachoanza kuoza. Kahawa ya chini ilikuwa imeshikana mabonge, nyeupe kwa ukungu. Mukantabana alitoa sauti ndogo ya maumivu, kisha akachutama akaanza kutenga. Mbovu huku, nzima kule. Evaresta alichutama upande wa pili. Za juu nyingi zilikuwa bado nzima, na kufika saa saba kahawa ilikuwa imetandazwa upya juani, imepungua robo, lakini imetandazwa.

Hapo ndipo Rwegoshora alipotokea njiani, akasimama kwenye ua.

"Nani kawaruhusu kufunua?"

Evaresta alifungua mdomo. Lakini jibu lilitoka upande mwingine, kwa mwanamke ambaye hajawahi kumjibu mwenyekiti tangu alipovuka mto, na ambaye hakunyanyuka wala hakuinamisha kichwa.

"Mwenye kahawa," Mukantabana alisema. "Na ya kwako, mwenyekiti, inanuka mpaka huku. Nenda kaifunue."

Rwegoshora alisimama kidogo, akanusa, akaenda.