Sauti ya Muthamia

Kule Githongo hakukuwa na mtu asiyeijua sauti ya Muthamia. Ndiye aliyenadi kuku na mikungu ya ndizi kanisani siku ya mavuno, na akishapaza sauti, hata wachuma kahawa wa ng'ambo ya bonde walijua bei imefika wapi. Basi daktari aliposema uvimbe wa kooni hautatoka bila kutoka na kikoromeo chenyewe, mzee alimgeukia bintiye Kiende. "Sasa mama yako nitamwitaje?"

Kiende alikuwa fundi wa elektroniki mjini Embu, kazi yake kuandika programu za kuendesha chipu ndogo. Maneno ya kufariji hakuyaweza. Badala yake alitengeneza kijisanduku chenye vitufe, cha kuingia mfuko wa koti, na wiki ile kabla ya upasuaji baba yake alijifungia chumbani akikisemea maneno ya kila siku, kila kitufe na maneno yake. Sauti zote ziliwekwa kwenye chipu ya pili, ya kumbukumbu, iliyounganishwa pembeni kwa sababu ile kuu haikuwa na nafasi. Kiende alikusudia kuzinakili kwenye kompyuta. Lakini hospitali ikaisogeza karibu siku ya upasuaji, na katika pilkapilka zile jambo likampita.

Upasuaji ulikwenda salama. Kijisanduku nacho kiliongea vizuri, ila betri ilikwisha upesi. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi, nyumbani kwa wazazi, Kiende akakitia programu mpya ya kubana matumizi. Baba akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza kingine. Kimya.

Kiende akaunganisha kompyuta, akaisoma kumbukumbu. Mwanzo hadi mwisho ilikuwa tupu, kama iliyofutwa.

"Kuna nini?" mama yake, Ntinyari, akauliza.

"Nipe muda kidogo, Mama."

Mzee alimtazama bintiye usoni, akaelewa. Akamgusa bega, akatoka kwenda kumkatia ng'ombe majani. Kiende aliona afadhali angemkemea.

Akampigia simu Njeru, mwenzake wa kazini. "Nimefuta sauti ya baba."

"Umefuta, ama umesoma ukakuta tupu?"

"Si ni yale yale?"

"Hapana. Kumbukumbu isiyosikia swali, ukiisoma pia utakuta tupu. Usiandike kitu humo ndani. Programu mpya imebadilisha nini?"

Kiende akaanza kueleza, na huku akieleza akajisikiliza mwenyewe. Ndani ya chipu, kila sehemu hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa, kama kwaya inavyofuata ngoma. Mapigo yakikatwa, sehemu hiyo hulala hata kama umeme upo. Ili kuokoa betri, alikuwa amekata mapigo ya kila sehemu isiyotumika. Ya sehemu inayoongea na kumbukumbu aliyaacha, ana hakika. Je, nyaya za kwenda kwenye kumbukumbu zilipitia wapi?

Akaufungua mchoro wa nyaya za kijisanduku. Zilitokea kwenye kundi la pini, vile viguu vya chipu, ambalo yeye alidhani ni la taa ndogo ya kijisanduku tu. Taa hiyo aliiondoa kwenye programu mpya, na mapigo ya kundi zima akayakata pamoja nayo. Swali lilikuwa halijatoka hata nje ya chipu.

"Njeru, mlango niliufunga mimi mwenyewe!"

"Basi ufungue, halafu nipigie."

Akairekebisha programu: kwanza washa mapigo ya pini, subiri yatulie, ndipo uiamshe kumbukumbu; na wakati wa kulala, usizime kitu mpaka kumbukumbu iseme imemaliza. Akamwita baba yake. Mzee akaja na majani mabichi kwenye mikono ya sweta, akabonyeza kitufe cha kwanza kilichokaribia kidole.

"Mama Kiende, hii chai mbona haina sukari?"

Ntinyari alikuwa amewapa mgongo akipuliza moto. "Sukari imejaa, Muthamia! Koroga!" alijibu bila kufikiri, kisha akageuka, akaketi palepale kwenye kigoda, akicheka huku akijifuta macho kwa leso. Mzee alibonyeza tena. Na tena. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Kiende hakugusa chakula mpaka alipozinakili sauti zote kwenye kompyuta, kwenye flashi, na nakala nyingine akamtumia Njeru. Kisha akajimiminia chai, ikawa tamu kupita kiasi, akainywa yote.