Marita Hataki Jicho Lisuguliwe

Saa tatu asubuhi, umande bado umeshika kwenye mibuni ya shamba moja karibu na Itaka, huko Mbozi. Marita Nzowa anachuma kahawa kwa mikono miwili. Mara sauti inapazwa kutoka mstari wa pili.

“Dada Marita! Felista kaangukiwa na kiwavi usoni!”

Marita anaweka kikapu chini na kukimbia. Felista, msichana aliyetoka Ileje kuja kuchuma msimu huu wa 1953, amepiga magoti, machozi yanamtiririka. Binamu yake Ikupa ameshika konzi ya majani, tayari kumsugua.

“Tupa hayo, Ikupa.”

“Dada, huyu damu yangu. Nimtazame tu?”

“Mtazame. Na umshike mikono asijikune.”

Kiwavi huyo ana manyoya membamba yenye sumu. Yakigusa ngozi yanawasha kama moto, na ukisugua yanazama ndani. Lakini hapa mtu akiumia, ndugu yake humsugua mara moja, kwa majani, majivu au nguo. Asiyefanya hivyo huonekana hana upendo.

Marita anatoa bonge la ugali wa ulezi alilolifunga kwenye kitambaa. Analibandika polepole kwenye shavu la Felista, analibandua, anakata kipande kingine, anarudia. Ugali unanata na kuondoka na manyoya. Kisha anamlaza ubavu na kumimina maji kwenye jicho kutoka kibuyuni, kuanzia upande wa pua. Maji ameyachemsha nyumbani na kuyaacha yapoe.

Nyapara Osea anafika, fimbo kwapani.

“Kiwavi tu, mistari miwili imesimama! Angekuwa simba je?”

“Simba angeanza na wewe, nyapara, una nyama,” anajibu mwanamke mmoja. Wenzake wanacheka. Felista hacheki.

“Dada, sioni kitu upande huu.”

Kicheko kinakatika. Marita anaendelea kumimina.

Ana miaka thelathini na minane. Analipwa shilingi kumi na nane kwa mwezi kama mchumaji mwingine yeyote, na akisimama kumhudumia mtu debe lake la siku halijai. Msimu huu amehudumia watu ishirini na sita.

“Miaka sita iliyopita mdogo wangu Yunisi aliingiwa na manyoya haya jichoni,” anasema. “Nilikunja ncha ya kaniki yangu nikamfuta kwa nguvu. Nilidhani namwokoa. Jicho lile halioni mpaka leo, na mkono wangu ndio uliolipofusha.”

Baada ya hapo alimwendea Anania, dresa anayefunga vidonda kwenye zahanati ya misheni, akamwomba amfundishe. Dresa alimfundisha habari ya maji. Ugali aliubuni mwenyewe. “Nilimwomba Mungu anipe kazi ya mkono uleule,” anasema.

Kibuyu kinakwisha. Marita anamfunika Felista jicho lisiloumia kwa kiganja, halafu anainua mbele yake tawi lenye buni mbili.

“Haya, mchumaji. Ipi tuichume?”

Felista anapepesa jicho. Anasogeza uso karibu na tawi. Ikupa ameinamisha kichwa, midomo inamtembea kwa sala.

“Ya juu imeiva,” anasema Felista. “Ya chini tuiache. Ina kijani ubavuni.”

Ikupa anaangua kilio.

“Basi arudi mstarini,” anasema Osea, kwa sauti ya chini.

“Aende kwanza kwa dresa akaangaliwe, nyapara. Nitampeleka mwenyewe.”

Osea anawatazama wanawake wote waliosimama pale, kisha anasogea kando kuwapisha.

Kabla msimu haujaisha, Marita anataka kila mstari uwe na kibuyu chake cha maji na mwanamke mmoja anayejua kuyatumia. Anasema maji hayampi wasiwasi. Kinachomsumbua ni namna ya kumzuia ndugu anayempenda mgonjwa asimguse.

“Nitaanza na Ikupa, Jumapili baada ya ibada,” anasema. “Mkono wake ndio wenye haraka kuliko yote.”