Kura ya kwanza ya Mama Neema

Jamani, leo nimecheka hadi machozi!

Jirani yangu Mama Neema, Mkongo, amepata uraia wa Uingereza juzijuzi. Leo nimewapeleka yeye na mumewe kupiga kura hapa mtaani kwetu Kingstanding. Mama amevaa kitenge cha Jumapili, amebeba kiti na chakula cha kwenye foleni.

Tukafika. Ukumbi mtupu!

"Watu wako wapi?" akaniuliza, karibu alie.

"Huku wengi hawajisumbui, mama."

"Kwetu watu wanapanga mustari tangu alfajiri!"

Akaingia hivyo hivyo, akapiga kura, akatoka uso unang'aa.

Sasa mumewe, ambaye wiki nzima amekuwa akikipigia debe chama chake, akamwuliza garini: "Umechagua chetu, eh?"

"Papa Neema, kura ni siri."

Mzee bado amenuna 😂

Ingekuwa wewe, ungemwambia?